Mama Yao Yuko Nyuma ya Tangi

Shangazi yangu hana masikio, ana mitego. Huitega, akaondoka zake, na akirudi lazima akute kitu kimenasa. Jumamosi ile alishuka shambani kuchuma mboga tu, akarudi mikono mitupu, mtandio umemwangukia mabegani, akasimama mlangoni pa jikoni akihema.

"Wifi," alimwambia mama yangu, "zima jiko ukae chini."

Mama hakuzima jiko. Mama hapokei amri za wifi yake ndani ya nyumba yake, hata ziwe za kheri. "Sema tu. Nasikia kwa masikio, sisikii kwa makalio."

Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Nikaacha kukanyaga.

"Huyo fundi bomba wenu," Shangazi alisema, na pale pale kwenye "wenu" nikajua mambo yameharibika, maana asubuhi yake alikuwa "mkwe wetu". "Ana mke. Na watoto anao."

"Nani kasema?" niliuliza.

"Kasema mwenyewe. Alikuwa nyuma ya tangi la maji, anaongea na simu, hakuniona. Anasema, 'Watoto hawajambo? Wote wanne? Nashukuru sana kunilelea.' Kisha anasema, 'Mama yao nimebaki naye huku. Keshazeeka yule. Akimaliza kuzaa mara hii, namkata.'"

Mama alifunika sufuria polepole. "Anamkata?"

"Anamkata."

"Kumkata matumizi, labda."

"Wifi, vyovyote atakavyokatwa, mtu kakatwa."

Nilijaribu kumtetea, Mungu anajua. "Shangazi, yule kutwa anakata mabomba. Labda ulisikia vibaya."

"Mimi lugha nimezaliwa nayo," Shangazi alisema. "Bomba utasema nalikata. Waya utasema naukata. Mtu ndiye utasema namkata. Na kasema namkata. Halafu sijamaliza. Kabla hajakata simu kasema, 'Mmoja mje naye leo. Nataka mama mkwe amwone.'"

Hapo hata mimi nilichomoa kitambaa kwenye sindano.

Lazima uelewe kwamba nyumba yetu ilikwisha kuangalia mchezo huo mara moja. Kabla ya Fundi alikuwapo mwanamume niliyemwita, baadaye, Bwana Manukato, kwa sababu harufu yake ilikuwa inafika kabla yake na kubaki akishaondoka. Siku wazee wake walipokuja kunichumbia, viti vimekodiwa, soda zimepoa, mwanamke akaingia kwa mlango huu huu wa jikoni, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi, akauliza kwa adabu kabisa kama mume wake yupo. Mama alimpa soda. Wageni wakatawanyika mmoja mmoja kama watu waliosikia mvua inakuja. Mimi nilivua gauni langu jipya na sijalivaa tena.

Sasa wazee wa Fundi walikuwa wanafika Jumamosi ile ile saa kumi kusikia jibu la posa. Jibu lilikuwa ndiyo. Mama alikuwa ameligomea kwa miezi, akaja kulikubali kwa shingo upande, na mimi nilikuwa nimeanza kulala vizuri.

"Nilisema," Mama alisema sasa, wala hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Nilisema tangu mwanzo. Mgomba changaraweni haupandwi ukamea. Pale chini ni kokoto tupu. Shamba la muda, watu wa muda, na mapenzi yake ndiyo hayo."

Niseme kidogo kuhusu hapo chini, asije mtu akadhani ni shamba la kijijini. Ni barabara. Au ingekuwa barabara, ile pana ya magari yaendayo bila kusimama. Walikuja na matingatinga, wakavunja nyua zote za upande wetu, wakakwangua udongo, wakamwaga kokoto, wakasimamisha nguzo na kipande cha daraja kinachoanzia hewani na kuishia hewani. Kisha wakaondoka. Hawakuaga. Zikabaki kokoto, yakaja magugu, zikaja takataka, mpaka Mwalimu Mstaafu wa mtaani kwetu akaenda kuomba watu waruhusiwe kulima. Akaruhusiwa kwa sharti moja: siku barabara ikirudi, shamba liondoke siku hiyo hiyo. Ndipo akatunga sheria yake. Hakuna kupanda ardhini. Kila kitu kipandwe kwenye mfuko, na kila mfuko uwe na mikono miwili, ili watu wawili waweze kuunyanyua. Mfuko usio na mikono haupewi mbegu. Mikono hiyo naishona mimi.

Ua wetu wa mbele ulikwenda wote, na mgomba mwekundu wa marehemu baba yangu ukaenda nao. Aliupanda siku walipohamia. Mlango wa mbele ukabaki unatazama bonde, ukitoka unaanguka kimo cha mtu mzima. Mama akaupigilia misumari, akasogeza kabati la vyombo likauziba, na tangu hapo sisi na wageni wetu tunapita jikoni. Shambani hajakanyaga hata mara moja. Mboga za huko anakula, lakini anakula amenuna.

"Naenda kumuuliza," nilisema nikiinuka.

"Umuulize mwizi kama kaiba?" Shangazi alisema.

"Ndiyo. Nataka nione macho yake akinijibu."

"Macho ya mwanamume," Shangazi alisema, "ni kama madirisha ya duka. Wanaweka mbele kinachouzika."

Mama alinitazama. Nilidhani atanizuia. "Nenda," alisema. "Lakini wakifika hujarudi, wifi yangu atawajibu, na jibu ni hapana. Sitakaa tena nikamimine soda."

Nilishuka kwa njia ya kuzunguka, mkoba wangu wa nyuzi begani, viatu vinaingia kokoto, sivikung'uti. Shambani palikuwa na watu wa Jumamosi, wanamwagilia, wanacheka, wanabishana kuhusu mbolea. Mwalimu Mstaafu aliniona.

"Fundi Cherehani, mikono ya mifuko ya nyanya iko wapi?"

"Inakuja, Mwalimu."

"Nyanya hazijui inakuja."

Nilimpita. Nilikuwa nakwenda mbio, na nitasema ukweli, haikuwa hasira peke yake. Nilikuwa naomba. Kila hatua nilikuwa naomba nisikute ninachokwenda kukikuta. Kwa sababu Fundi hakuwa Bwana Manukato. Fundi ananukia mabomba na udongo, na mimi nilikuwa nimeshaizoea harufu hiyo kiasi cha kuitafuta kwenye shati langu mwenyewe nikirudi nyumbani.

Alikuja kwetu kufunga maji. Mvua ikinyesha, maji hutuama juu ya lile daraja lililokatika, na yeye akayatobolea njia, akayashusha kwa mabomba kando ya nguzo mpaka kwenye tangi. Siku ya kwanza alinijia na mpira wa maji uliopasuka. "Fundi mwenzangu," alisema, "hapa pashone." Nikamwambia mpira haushonwi. Akasema, "Hujajaribu." Nilizungusha kipande cha turubai, nikashona, ukavuja kidogo. Akaufunga vile vile. Mpaka leo unavuja pale pale, na amekataa kuubadilisha.

Mwezi uliopita aliokota mawe ya ukingo yaliyoachwa na watu wa barabara, akajenga ngazi kutoka shambani mpaka kwenye kizingiti cha mlango wetu wa mbele. Mama alichungulia dirishani. "Ngazi ya kwenda kwenye mlango usiofunguka," alimwambia. "Wewe kijana huna kazi." Yeye akajibu, "Kazi ninayo, Mama. Siku mlango ukifunguka, ngazi iwepo." Mama akafunga dirisha. Lakini nilimwona akicheka, amegeukia ukutani ili nisimwone.

Mtu wa namna hiyo anaficha mke? Nilijiuliza hivyo, kisha nikajijibu kwamba hata Bwana Manukato alimletea Mama feni.

Nilimkuta amechuchumaa penye koki, spana mkononi. Aliponiona uso wake ulifunguka, kisha akaona wangu, wake ukajifunga.

"Kuna nini?"

"Una watoto?"

Alishtuka. Nilimwona kwa macho yangu akishtuka. Aliweka spana chini.

"Nani kakwambia?"

"Sikuulizwa, nimeuliza. Unao, huna?"

Alitazama kule aliko Mwalimu, akatazama tangi, akanirudia mimi. "Ninao," alisema chinichini. "Lakini usipaze sauti."

Nisipaze sauti. Nilishika ukingo wa pipa. "Wangapi?"

"Wanne. Walikuwa watano, mmoja hakuishi."

"Pole," nilisema. Sijui kwa nini nilisema pole. Malezi mabaya hayo, mtu anakuua na wewe unampa pole.

"Ahsante. Alikuwa mdogo mno, nilikosea kumtoa mapema."

"Na sasa wako wapi?"

"Kwa dada yangu. Nimekuwa nawahamisha mmoja mmoja, Mwalimu asijue."

"Mwalimu anahusika vipi na watoto wako?"

"Si sheria yake? Hapa wasingeruhusiwa." Alinikazia macho, na macho yale yalikuwa na aibu, aibu ya kweli. "Nilitaka nikuambie leo. Wazee wakishamaliza. Niliogopa utakasirika, maana ni kuvunja masharti, na wewe ndiye unayeshona mikono."

"Nimekasirika, lakini si kwa sababu ya mikono." Sauti yangu ilianza kukatika na niliichukia. "Na mama yao?"

"Yupo."

"Yupo wapi?"

"Hapa hapa. Nyuma ya tangi."

Niliachia pipa, nikapiga hatua kuelekea tangi.

"Nimemfunika kwa turubai," alisema haraka, kama anayejitetea. "Lile ulilonishonea. Jua la mchana linamchoma, na watu wakipita wangemwona."

"Umemfunika mwanamke," nilisema, "kwa turubai langu."

"Mwanamke gani?"

"Mke wako, mama wa watoto wako wanne. Yule utakayemkata akimaliza kuzaa."

Alinitazama. Nikaona jambo linamwingia polepole kama maji yanavyoingia kwenye bomba kavu. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajishika kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Nilimpiga begani kwa mkoba wa nyuzi. "Unanicheka?"

"Shangazi," alisema akipangusa macho. "Alikuwa Shangazi. Niliona mtandio ukipita nikajiuliza ni nani. Njoo. Njoo umwone mwenzio."

Alinishika kiganja cha mkono. Hajawahi kunishika mbele za watu. Nilitaka kumnyang'anya mkono wangu, lakini mkono wenyewe haukutaka. Tukalizunguka tangi, na nyuma yake palikuwa na lile lundo ambako matingatinga yalisukumia udongo wa nyua zote za mtaa. Turubai langu lilikuwa limetandwa juu ya fito nne. Akalifunua.

Ulikuwa mgomba. Umesimama juu ya kifusi, katikati ya kokoto na vipande vya matofali, shina lake jekundu lililoiva, na mkungu umeinama upande mmoja, ndizi zake nene fupi, nyekundu vile vile.

Mtaani kwetu mgomba mwekundu ulikuwa mmoja tu.

Niligusa shina lile. Nilikuwa mdogo nilipokuwa nalikumbatia ili nipimwe urefu, baba akichora kwa ukucha. Alama hazikuwapo, hili lilikuwa shina jingine, lakini mgomba ulikuwa ule ule. Mgomba haufi kwa juu. Unakatwa juu, wenyewe uko chini unajipanga.

"Ulitokeza baada ya mvua," Fundi alisema nyuma yangu. "Nilidhani gugu. Jani la kwanza lilipofunguka nikakumbuka uliniambia baba yako alipanda mwekundu mbele ya mlango. Na kwamba tangu uondolewe mama yako hajaonja ndizi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungemwambia Mama. Mama angekuja kuuona, angeupenda upya, halafu barabara irudi uchukuliwe mara ya pili. Nikasema hapana. Kufiwa mara moja kunatosha. Ngoja kwanza niwatoe watoto, niwapeleke kwa dada pasipofika tingatinga, wakishika ndipo nimwambie." Akasita. "Mmoja nimesema waje naye leo. Wa kwake."

"Ulisema namkata," nilisema. Nilikuwa nimeng'ang'ania neno lile kama mtu aliyeng'ang'ania risiti. "Mgomba utasema naukata."

"Nani, mimi? Nimelelewa na bibi aliyelima migomba maisha yake yote. Kwake mgomba una mama na una watoto, na ukimwambia 'naukata' anakuuliza unakata nini, kuni? Mama akishazaa mkungu wake hazai tena. Anakatwa ili wanawe wapate nafasi. Ndiyo heshima yake."

Hapo nikalia. Nililia kama mtu aliyebanwa vidole na mlango, akavitoa, akavihesabu, vyote vizima. Alinivuta kwake nyuma ya tangi pale, uso wangu kwenye shati lake lenye udongo, na nikaivuta ile harufu mpaka mwisho wa mapafu. Nilimpenda. Nilikuwa nampenda tangu mpira wa maji, lakini pale nilimpenda bila kubakiza akiba.

"Ulinidhania mimi ni Bwana Manukato," alisema juu ya nywele zangu.

"Nilidhani."

"Lakini umekuja kuniuliza."

"Nimekuja."

"Yule hukumuuliza."

Ni kweli, yule sikumuuliza chochote. Nilimwacha tu aende. Nikainua uso nimtazame, naye akanifuta shavu kwa kidole gumba, akaniachia mstari wa udongo ambao baadaye Shangazi aliutaja kwa kila mtu mtaani.

"Fundi," nilisema, "saa ngapi?"

Alitazama kivuli cha daraja, nami nikatazama, na wote tukakumbuka kwa wakati mmoja. Mjomba wake na dada yake walikuwa watu wa kuwahi.

Tulikimbia. Tulipita katikati ya mistari ya mifuko, Mwalimu akiita "Mikono!" nyuma yetu, tukapanda njia ya kuzunguka, tukaingia jikoni mimi na kiatu kimoja.

Walikuwa wamekwisha kuketi sebuleni. Mjomba wake kwenye kiti kizuri, kofia juu ya goti. Dada yake kwenye benchi, amepakata kitu kilichofungwa kwa shuka, amekiegemeza kifuani. Mama amekaa upande wa kabati, uso wake umefungwa kabisa. Na Shangazi amesimama. Shangazi akisimama kusema, ujue alishafanya mazoezi.

"Tunashukuru kwa heshima mliyotuletea," alikuwa anasema. "Ombi lenu tumelitafakari. Ila nyumba hii ilikwisha kuungua na moto, kwa hiyo hata moshi ..."

"Shangazi, ngoja," nilisema.

"Usinikatize, mwanangu. Nasema kwa faida yako." Akamgeukia dada yake Fundi, na sauti ikalainika, kwa sababu Shangazi pamoja na mitego yake ana huruma. "Na huyo mtoto, mama, mfunue uso apate hewa. Yeye hana kosa."

Dada mtu alimtazama kaka yake. Kaka akaitikia kwa kichwa. Dada akafungua shuka.

Chini ya shuka kulikuwa na gunia bichi, na ndani ya gunia tunguu la mgomba lenye udongo, na juu yake kichipukizi cha urefu wa mkono, chekundu, na jani moja limejikunja kama karatasi.

Shangazi alikaa. Hakutafuta kiti, alikaa tu, na kwa bahati benchi lilikuwapo. "Hicho nini?" aliuliza, ingawa sauti yake ilikwisha kujua. Mgomba ule ulipandwa na kaka yake.

"Ndiye mtoto, Shangazi," Fundi alisema. "Mama yake yuko nyuma ya tangi. Ndiye niliyekuwa nasema."

"Namkata," Shangazi alinong'ona.

"Namkata."

Mama aliinuka, akavuka chumba, akapiga magoti mbele ya yule dada. Akaingiza kidole kwenye lile jani lililojikunja, taratibu, kama mtu anayemfungua mtoto ngumi aone ameshika nini. Akakaa hivyo.

"Umeutoa wapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Hapo chini, Mama. Kwenye kifusi."

"Kwenye kokoto?"

"Kwenye kokoto."

"Mgomba changaraweni," Mama alisema, "haupandwi ukamea."

"Huu haukupandwa, Mama," Fundi alisema. "Uliota wenyewe."

Mama aliinama, na nikaona mgongo wake ukitetemeka mara moja, kisha ukatulia. Aliposimama, macho yake yalikuwa mekundu na uso wake mkali kuliko mwanzo.

"Tokeni," alisema.

Mjomba alishika kofia yake. Nikasogea mbele. "Mama ..."

"Tokeni wote, wageni, na mtoto wenu. Posa gani inayoingilia jikoni, ikipita kwenye vitunguu? Zungukeni chini, mje kwa mbele. Tulikosea mara ya kwanza, ndiyo maana yakatupata." Akamgeukia Fundi. "Na wewe unasimama nini? Kabati hilo halitajisogeza. Nyundo unayo?"

Fundi bomba hakosi nyundo. Tulisogeza kabati sisi watatu, vikombe vikigongana ndani, Shangazi akielekeza kwa mikono miwili na hakuna aliyemfuata. Nyuma yake mlango ulikuwa na buibui na ile rangi ya buluu niliyokuwa nimeisahau. Mama alipigilia misumari mingi sana, alikuwa na uchungu siku ile. Fundi aliing'oa mmoja mmoja na kumpa mkononi, naye akaupokea kila mmoja, akautia mfukoni mwa gauni lake. Wa mwisho ulilia kwa nguvu ukitoka.

Mama aliufungua mwenyewe. Ulikwama chini, akausukuma kwa bega, ukakubali. Mwanga ukaingia mpaka jikoni. Pale nje, badala ya bonde, kulikuwa na ngazi ya mawe ya barabara, na chini yake shamba lote la mifuko, kijani kibichi, na watu wameacha kumwagilia wanatazama juu. Mama aliwatazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuwaona.

"Ngazi imenyooka," alisema.

"Nilipima kwa maji, Mama," Fundi alisema.

Wale wageni walikuwa wamezunguka na njia ya chini kama walivyoamriwa. Tuliwaona wakipanda ngazi, Mjomba mbele amevaa kofia yake, dada mtu nyuma na gunia lake kifuani, akikanyaga kwa uangalifu. Fundi alishuka kuungana nao, maana mposaji haanzii ndani. Akasimama nyuma yao, nyundo bado mkononi, akanitazama mimi juu ya vichwa vyao, na sikuangalia pembeni.

"Hodi," Mjomba alisema, ingawa mlango ulikuwa wazi na tulikuwa hatua mbili kutoka kwake.

Mama alijifuta uso kwa kiganja, akajinyoosha gauni, misumari ikalia mfukoni. Shangazi akaanza kujibu, Mama akamshika mkono.

"Hodi," Mjomba alisema tena.

Na hapo Mama akasogea, akawapa nafasi kizingitini.

"Karibuni," alisema. "Mpitisheni mtoto kwanza."